Korea Kaskazini: acheni kuhesabu kilomita, hesabuni dakika

Kuna simu kati ya Korea mbili ambayo ilikuwa inapigwa mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, hata kama siku hiyo hakuna la maana la kuambiana. Ofisa wa Kusini anapiga, wa Kaskazini anapokea, wanahakikisha laini ni nzima, wanakata, basi imeisha hiyo mpaka jioni. Imewahi kukatwa na kurudishwa mara kadhaa kila walipogombana, ila walikuwa wanarudi. Tarehe 7 Aprili 2023 Kusini wakapiga asubuhi haikupokelewa, wakapiga jioni ikaita weee mpaka ikakata, na ile laini ya kijeshi nayo hivyo hivyo, na tangu siku hiyo ni kimya.

Siku sita tu baadaye, tarehe 13 Aprili, Korea Kaskazini ikarusha kwa mara ya kwanza kombora la kuvuka mabara linaloitwa Hwasong-18. Kule Hokkaido, kaskazini mwa Japan, ilikuwa asubuhi watu wanajiandaa kwenda kazini na watoto shuleni, simu zikaanza kulia zote kwa pamoja: kombora linakuja, ingieni ndani ya jengo au chini ya ardhi haraka. Treni zikasimama. Baada ya muda serikali ikatoa taarifa nyingine kwamba hapana, hilo kombora haliwezi kuangukia huko, endeleeni na shughuli zenu. Na kweli liliishia baharini mbali na nchi kavu.

Mimi hayo mambo mawili nayaweka pamoja siku zote, ile simu na lile kombora, kwa sababu naona watu wengi wanaofuatilia hii habari wanaangalia namba ambayo sio. Kila Kim Jong Un akirusha kitu (Kiduku kama wengi wetu tulivyozoea kumwita) mjadala mtandaoni unakuwa ule ule, je linafika Guam, je linafika Los Angeles, je linafika Washington, watu wanachora duara kwenye ramani wanabishana mpaka usiku wa manane. Huo ubishi kusema ukweli uliisha mwaka 2017. Kitu kilichobadilika baada ya hapo, na ambacho ndo kinanipa hofu mimi, ni muda. Yani zile saa na dakika ambazo binadamu anakuwa nazo za kuona, kuuliza, kufikiri na kuamua kabla hajabonyeza kitu ambacho hakirudishiki, zimekuwa zikipungua mwaka hadi mwaka na hakuna anayezihesabu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane vizuri.

Hawa jamaa walianzia chini kabisa. Walipata makombora ya Scud ya Kisovieti kupitia Misri, wakayafungua moja moja wakajifunza, ilipofika 1984 wakarusha la kwao. Mwaka 1993 wakaja na Nodong ambalo linafika Japan, na hilo ndo lililozaa Ghauri ya Pakistan na Shahab-3 ya Iran, kwa hiyo ukiona makombora ya nchi hizo ujue kuna damu ya Pyongyang humo. Agosti 1998 wakarusha Taepodong-1 likapita juu ya anga ya Japan, dunia ikashtuka. Na kumbuka hapo ndo nchi ilikuwa inatoka kwenye njaa kubwa ya miaka ya 1990 iliyoua watu wengi sana, makadirio yanaanzia laki kadhaa mpaka zaidi ya milioni mbili. Alafu yakafuata majaribio ya nyuklia kule Punggye-ri, la kwanza Oktoba 2006, la sita na kubwa kuliko yote Septemba 2017.

Huo mwaka 2017 ndo wa kukumbuka. Tarehe 4 Julai wakarusha Hwasong-14, tarehe 28 mwezi huo huo wakarudia, na tarehe 29 Novemba wakarusha Hwasong-15, hilo likapanda juu kilomita kama 4,475 likaenda kuanguka baharini kilomita kama 950 tu kutoka liliporushwa. Sasa hapa ndo watu wanapochanganyikiwa, wanasema mbona limeenda kilomita 950 tu hilo la kuvuka mabara liko wapi? Chukua jiwe ulirushe juu kabisa karibu wima, litaenda juu sana na litadondoka karibu na miguu yako, lakini nguvu ile ile ukiielekeza kwa upande jiwe linavuka uwanja. Wao wanarusha hivyo ili wasipite juu ya nchi za watu. Kituo cha anga za juu ambapo wanaanga wanaishi kipo kama kilomita 400 tu, sasa kitu kimepanda mara 11 ya hapo, ukikilaza kinafika Washington, hesabu hiyo haina ugomvi. Swali la kiufundi lililobaki ni kama kichwa cha kombora kinaweza kuhimili ule moto wa kurudi kwenye anga kwa njia ya kawaida iliyolala, kwa sababu ukirusha wima kinarudi kwa namna tofauti na joto linakuwa tofauti. Ni swali halali. Ila hakuna jenerali wala rais mwenye akili atakayepanga ulinzi wa mji wake kwa kutegemea kwamba kichwa cha adui kitaungua njiani.

Kwa hiyo umbali tumemaliza. Hwasong-19 la tarehe 31 Oktoba 2024 lilipanda zaidi ya kilomita 7,600 na kukaa angani kama dakika 86, magazeti yakaandika rekodi rekodi, lakini kwangu mimi hiyo rekodi haibadilishi kitu kwa mtu wa Washington, alikuwa anafikiwa tangu 2017. Kilichobadilika kipo ndani ya tumbo la kombora lenyewe. Mafuta.

Kombora kama Hwasong-15 au lile kubwa Hwasong-17 linalobebwa na lori la matairi 22 yanatumia mafuta ya maji. Sasa nenda kwa karibu uangalie hiyo kazi inavyofanyika. Hayo mafuta ni aina mbili, moja ni mafuta yenyewe na nyingine ni kemikali ya kuyachoma, na zikikutana tu zinawaka hapo hapo, hazihitaji kiberiti. Zote ni sumu. Hiyo ya kuchoma ikivuja inatoa moshi wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na ukiuvuta mapafu yanaharibika. Kwa hiyo unahitaji malori ya tanki, unahitaji mabomba, unahitaji watu wamevaa nguo za kujikinga mwili mzima na vinyago, unahitaji magari ya kuongozea na magari ya zimamoto, msafara mzima unatoka kwenye handaki unaenda sehemu ya wazi yenye sakafu ngumu, na kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Huo wote ni muda ambao setelaiti ikipita juu inaona malori yamejipanga, inaona watu wanahangaika, na taarifa inafika Seoul na Washington kabla kombora halijanyanyuka.

Kombora la mafuta yabisi, yani makavu, ni kitu kingine kabisa. Kiwandani wanachanganya kemikali ya chumvi chumvi yenye oksijeni, unga wa alumini na kitu kama mpira ambao bado ni majimaji, wanamimina ndani ya ganda la kombora, wanakiacha kigande taratibu mpaka kinakuwa kama raba ngumu ya kufutia. Hapo limeshajazwa tayari, linaweza kukaa miaka. Kuitengeneza ni ngumu kupita maelezo maana ukiwa na ufa mdogo tu ndani au kipovu cha hewa moto unapita kwenye ufa na kombora linalipuka, na likishawaka huwezi kulizima. Ndo maana iliwachukua muda, mwaka 2016 walifanikiwa na kombora la manowari, wakalihamishia nchi kavu 2017, wakaja na mapya ya masafa mafupi 2019, Desemba 2022 wakawasha injini kubwa ya majaribio, na miezi minne tu baadaye Aprili 2023 Hwasong-18 ikaruka. Miezi minne! Hiyo kasi sio ya mtu anayebahatisha.

Na namna linavyorushwa nayo ni ya kuangalia. Linakaa ndani ya mtungi mrefu juu ya lori. Lori linatoka kwenye handaki, linasimama, mtungi unanyanyuliwa wima, gesi inalisukuma kombora nje kama kizibo, likiwa hewani ndo injini inawaka. Hakuna msafara wa matanki, hakuna watu wa vinyago. Kazi ya dakika. Setelaiti iliyopita nusu saa kabla haijaona kitu, na itakayopita nusu saa baadaye itakuta lori halipo.

Wengi wakisoma hivyo wanasema sawa, ni maendeleo ya kijeshi, kila nchi kubwa inafanya hivyo, Marekani yenyewe makombora yake ya Minuteman ni ya mafuta makavu tangu miaka ya 1960. Ni kweli. Na kuna hoja moja nzito ambayo wachambuzi makini wanaitoa na mimi siidharau hata kidogo: wanasema mtu mwenye silaha ambayo haiwezi kuharibiwa kabla haijarushwa anakuwa mtulivu zaidi, kwa sababu hana presha ya kuitumia haraka kabla hajanyang'anywa. Mwenye kombora la mafuta ya maji akihisi anashambuliwa lazima aamue sasa hivi au apoteze, mwenye makavu yaliyofichwa anaweza kusubiri aone. Kwa hoja hiyo Hwasong-18 inaleta usalama. Nimeifikiria sana hii hoja na kwa nchi nyingine ningeikubali.

Kwa Korea Kaskazini siikubali, na sababu iko kwenye sheria yao wenyewe. Septemba 2022 bunge lao lilipitisha sheria ya matumizi ya silaha za nyuklia, na humo ndani kuna kipengele kinasema kama mfumo wa uongozi na amri wa hizo silaha ukiwa hatarini kutokana na shambulio la adui, basi shambulio la nyuklia lifanyike moja kwa moja na papo hapo. Soma tena hayo maneno. Hayasemi uongozi ukishaangamizwa, yanasema ukiwa hatarini. Nani anaamua kwamba uongozi uko hatarini? Kwa taarifa gani? Ndani ya dakika ngapi?

Upande wa pili nao sio malaika. Korea Kusini ina mpango wa siku nyingi unaojulikana kama Kill Chain, ambao maana yake ni kwamba wakiona dalili za wazi kuwa Kaskazini anataka kurusha nyuklia wao wanapiga kwanza, na wana mpango mwingine pembeni yake wa kulenga uongozi wa juu wa Pyongyang kama kisasi. Hivi vitu vimetangazwa hadharani. Sasa ziweke hizo mbili uso kwa uso. Kusini anasema nikiona dalili napiga, na dalili zenyewe zimepungua kutoka saa nzima ya msafara wa matanki mpaka dakika chache za lori moja, kwa hiyo inabidi awe na wasiwasi mapema zaidi na aamue kwa ushahidi mdogo zaidi. Kaskazini anasema nikihisi kiongozi wangu analengwa nafyatua papo hapo, na anajua Kusini ana mpango wa kumlenga kiongozi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake atikisike. Ule utulivu ambao nadharia inasema unakuja na mafuta makavu unahitaji mtu anayejiamini kwamba akisubiri hatapoteza kitu, na sheria ya 2022 imeandikwa na mtu asiyejiamini hivyo.

Alafu kuna jambo ambalo silioni likizungumzwa sana na kwangu mimi ndo moyo wa hii habari yote. Marekani ina setelaiti zinazoona joto la injini ya kombora sekunde chache baada ya kuwaka popote duniani. Urusi nayo inazo. Korea Kaskazini haina. Setelaiti ya kupiga picha walifanikiwa kuweka moja angani Novemba 2023 baada ya kufeli mara mbili mwaka huo huo, lakini ya kuonya kuhusu makombora hawana, wanategemea rada za ardhini, na rada ya ardhini inaona kile tu kilichonyanyuka juu ya upeo wake. Kwa hiyo nchi ambayo sheria yake inasema fyatua papo hapo ndo nchi inayoona vibaya kuliko zote zilizopo kwenye huu mgogoro. Ni sawa na mlinzi mwenye macho mabovu usiku ameambiwa akisikia kishindo asiulize nani, apige tu. Na kishindo kwenye rasi ya Korea hakikosekani, kuna mazoezi makubwa ya kijeshi ya Marekani na Kusini kila mwaka, ndege za B-1 zinapita, manowari zinatia nanga Busan.

Mtu anaweza kuniambia naogopesha watu bure, mitambo ya siku hizi haikosei. Basi tuangalie wale wenye mitambo bora.

Tarehe 13 Januari 2018, Jumamosi, saa mbili na dakika 7 asubuhi, kila simu ya mkononi katika visiwa vya Hawaii ilipokea ujumbe kwamba kombora linakuja, tafuteni hifadhi mara moja, hili sio zoezi. Ilikuwa kama mwezi mmoja na nusu tu baada ya Hwasong-15, kwa hiyo hakuna aliyeuliza linatoka kwa nani. Watu walifungua mifuniko ya mitaro barabarani wakawashusha watoto wao humo. Wengine walipiga simu kuwaaga wazazi. Wengine walikaa bafuni wamekumbatiana na familia wakisubiri. Ikachukua dakika 38 mpaka ujumbe wa pili kutoka kwamba ilikuwa kosa, mfanyakazi wa idara ya dharura ya jimbo alituma tahadhari ya kweli wakati wa zoezi. Dakika 38! Kombora la kutoka Korea Kaskazini lingekuwa limeshafika na kulipuka kabla ya huo ujumbe wa pili. Siku tatu baadaye shirika la utangazaji la Japan nalo likatuma tahadhari ya uongo hivyo hivyo, lenyewe likajirekebisha ndani ya dakika chache.

Hapo ni nchi mbili zenye pesa na teknolojia ambayo Pyongyang haina. Na kuna lile tukio la Septemba 1983 la ofisa wa Kisovieti Stanislav Petrov, kompyuta ilimwambia Marekani imerusha makombora matano, kumbe ni mwanga wa jua umegonga mawingu setelaiti ikadanganyika. Alikuwa na dakika chache tu na akaamua kuripoti kwamba ni hitilafu ya mtambo kwa sababu haikumwingia akilini vita vianze kwa makombora matano. Huwa najiuliza nani ni Petrov wa Pyongyang. Je ofisa wa pale aliyekaa mbele ya rada anaweza kumwambia mkubwa wake mheshimiwa nadhani hii ni hitilafu, tusubiri? Kwenye nchi ambayo kukosea mbele ya kiongozi kunaweza kukupoteza wewe na ukoo wako? Sheria imeshamwambia papo hapo. Petrov aliokolewa na mambo mawili, taratibu zilizomwachia nafasi ya kutoa maoni yake na ujasiri wake mwenyewe, na nafasi kama hiyo kule siioni.

Sitaki mtu afikiri namtetea au namshambulia Kim kwa ushabiki. Kwa nini anataka haya makombora naelewa kabisa, na yeyote aliyeangalia historia anaelewa. Wao walijitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia Januari 2003, na Machi mwaka huo huo Iraq ikavamiwa. Desemba 2003 Gaddafi akakubali kuachana na mpango wake wa nyuklia, na Oktoba 2011 tukaona alivyouawa. Pyongyang wameyasema haya wazi wazi kwenye taarifa zao, mfano wa Libya wanautaja kila mara. Trump akakutana na Kim Singapore Juni 2018, wakakutana tena Hanoi Februari 2019, meza ikavunjika bila makubaliano, na Septemba 2023 Pyongyang wakaingiza sera ya nyuklia mpaka kwenye katiba. Mtu aliyeandika nyuklia kwenye katiba hawezi kuja kuziweka mezani kwa sababu ya hotuba nzuri. Kwa hiyo kila mwanasiasa anayesema sharti la kwanza la mazungumzo ni waachane na nyuklia, kwa maoni yangu huyo hayuko tayari kuzungumza.

Vikwazo navyo vimefika mwisho wa kamba. Azimio la kwanza la vikwazo la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa 1718 la mwaka 2006, la mwisho la maana ni 2397 la Desemba 2017 lililowabana mpaka mafuta ya kuendeshea magari. Baada ya hapo mambo yakagawanyika. Mei 2022 Urusi na China zikapiga kura ya turufu kuzuia vikwazo vipya, Machi 2024 Urusi ikalipigia turufu hata lile jopo la wataalamu lililokuwa linafuatilia nani anavunja vikwazo, na Juni 2024 Putin akaenda mwenyewe Pyongyang wakasaini mkataba wa kusaidiana vitani. Na hata enzi vikwazo vinafanya kazi walipita pembeni, yale malori makubwa ya kwanza ya kubebea makombora yalitoka China na kwenye makaratasi Kaskazini waliandika ni ya kubebea magogo ya mbao. Pesa nazo wanazipata kwa njia za mtandao, Februari 2025 ziliibwa sarafu za kidijitali za dola bilioni 1.5 kwa mkupuo mmoja na FBI ikasema ni wao. Wakati huo ripoti za Umoja wa Mataifa zinasema zaidi ya asilimia 40 ya watu wa nchi hiyo hawapati lishe ya kutosha. Hilo linaniuma na sitalipita kama vile ni namba tu, kuna mama kule anapima kikombe cha mahindi kwa watoto watatu na juu ya kichwa chake kinapita kitu cha mamilioni ya dola kinachoenda kuzama baharini, na yeye anatakiwa apige makofi.

Sasa nini kifanyike. Mimi sina ndoto kubwa. Ninachokitaka ni dakika zirudi, na kuna njia ya kuzirudisha hata bila kupendana.

Marekani na Sovieti waliwekeana laini ya moja kwa moja mwaka 1963 baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba wa 1962 kuwaonyesha jinsi ujumbe unavyochelewa, na 1988 wakakubaliana kila mmoja amwambie mwenzake kabla hajarusha kombora la kuvuka mabara. India na Pakistan, watu waliopigana vita kadhaa na wasioaminiana hata kidogo, wana makubaliano ya tangu Oktoba 2005 kwamba kabla ya kujaribu kombora la balistiki unampa jirani taarifa mapema. Mwezi Mei 2025 wamepigana tena kwa ndege na makombora, lakini karatasi ya 2005 bado ipo. Haikuwahi kumaliza uadui wao na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni ndogo, ofisa wa rada akiona kitu kinapaa awe na karatasi mezani inayosema leo kuna jaribio, eneo ni hili, muda ni huu.

Na jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba Korea Kaskazini yenyewe inaijua hiyo kazi na imeshaifanya. Kila walipotaka kurusha roketi ya setelaiti 2023 na 2024 waliwapa taarifa walinzi wa pwani wa Japan, wakataja siku na maeneo ya bahari ambayo mabaki yangeanguka ili meli zikae mbali. Kwa makombora ya kivita hawafanyi hivyo, yanaruka tu. Lakini barua ni ile ile, anwani ni ile ile, mtu wa kuiandika yupo na mtu wa kuipokea yupo. Rais wa Kusini Lee Jae-myung alizima vipaza sauti vya propaganda mpakani Juni 2025, wiki moja tu baada ya kuingia madarakani, ni hatua nzuri, ila ningekuwa mimi nisingeanza na kuomba waongee kuhusu amani wala kuungana, Kim alishasema Kusini ni adui na hataki kusikia habari za kuungana. Ningeomba kitu kimoja tu kidogo kupitia kwa yeyote wanayemsikiliza, Beijing au Moscow: ile barua mnayowatumia Japan kwa ajili ya setelaiti, tumeni na kwa Hwasong.

Angalia ilivyokuwa usiku wa tarehe 27 Mei 2024. Taarifa ilitoka mapema kwamba kuanzia siku hiyo mpaka tarehe 4 Juni kutakuwa na kurusha setelaiti. Usiku ule ule roketi ikanyanyuka, ikalipuka angani ikiwa bado inapanda, vipande vikaanguka baharini. Okinawa ving'ora vililia, watu wakaambiwa wajifiche, na muda sio mrefu wakaambiwa hatari imepita. Moto mkubwa angani usiku, karibu na mpaka wenye wanajeshi wengi kuliko karibu mipaka yote duniani, na ile simu ya Korea mbili, ya pale Panmunjom mpakani, ilikuwa haijapokelewa kwa zaidi ya mwaka mzima. Lakini kila aliyekuwa amekaa mbele ya rada usiku ule, Tokyo, Seoul na kwingine, alikuwa na ile karatasi mezani.